Pochi Iliyotaka Jina la Mkwe

Punje ya mume wangu ilikuwa bado inapiga tulipotoka makaburini. Niliisikia kifuani, chini ya sweta na kanga mbili, tk, tk, kama tone la maji linaloangukia bati la nyumba ya jirani. Waliomwosha walikuwa wameitoa nyuma ya sikio lake, wakaifuta kwa pamba na kunipa mkononi harakaharaka, kwa sababu punje ikitoka kwa maiti inatakiwa ipate mwili mwingine wenye joto. Niliifunga kwenye kitambaa nikaitundika shingoni. Punje ndiyo hubeba pochi ya mtu. Ndani yake zilikuwamo hisa zetu za chai, malipo ya mavuno tuliyochuma tangu tuoane, na haki ya maji ya mfereji wa juu. Vyote vilifunguliwa na mdomo wake, na mdomo ule tulikuwa tumeufukia.

Joto la kuazima halidumu, hilo hata watoto wanalijua. Punje ikibebwa na mtu asiye mwenyewe hupunguza mapigo kidogo kidogo mpaka inanyamaza. Kama mjane amekwisha kuvimimina vilivyomo kwenye pochi yake mwenyewe, vinakuwa vyake. Kama bado, vinahamia pochi ya ukoo. Kwa ukoo wetu aliyeshika pochi hiyo alikuwa shemeji yangu Gwakisa, mdogo wa marehemu.

Mimi sikuwa na pochi. Miaka yote ya ndoa nilikula, nilivaa na kutoa sadaka kwa pochi ya mume wangu. Nikitaka kitu dukani nilimwambia, naye aligeuka pembeni, akanong'ona maneno yake, mwenye duka akapata chake. Sitasema nilionewa, maana hakuninyima. Nasema tu kwamba kifo kilinikuta sina mahali pa kuweka hata senti.

Gwakisa alikuja kunitazama siku tuliyoanua tanga. Hakuja kwa ubaya. Alikaa kwenye kigoda, akasifu viazi vyangu, akanieleza kwa upole kwamba mjane anahitaji kupumzika, kwamba pochi ya ukoo ni yangu pia, na nitakula humo kama nilivyokula kwa kaka yake. Ukoo ulikuwa na buibui mmoja wa kuchuma, ile mashine ya miguu mirefu inayotembea juu ya michai na kukata majani machanga, naye alitaka kununua wa pili. Nilimjibu kwamba nimemsikia, na kwamba kesho nakwenda kufungua pochi yangu.

Akacheka kidogo. "Shemeji, pochi si kibuyu cha maziwa," akasema. "Ukipoteza kizibo chake, hakuna fundi."

*

Pochi zilifunguliwa kwenye kituo cha kupimia chai, ndani ya kibanda tulichokiita kibanda cha kunenea. Kilikuwa kidogo kama choo, kuta zake zimejazwa sponji nene, hakina dirisha wala kioo wala kitu chochote kinachong'aa. Juu ya mlango, upande wa nje, palikuwa na taa moja. Mfunguaji alikuwa binti kutoka Mbeya mjini, jina lake Enesi, mwenye sauti ya mtu aliyesema maneno yale yale asubuhi nzima na bado anataka uyasikie vizuri.

Alinibandika punje mpya nyuma ya sikio. Ilikuwa baridi, halafu ikawa moto, halafu sikuisikia tena. Akanieleza kwamba inasoma mfupa wangu. Kutoka kwenye mfupa itatoa maneno manne ya Kiswahili cha kawaida, maneno ya nyumbani na shambani, na itaninong'oneza mimi peke yangu. Nitayatamka kwa sauti kamili, mdomo wazi, kwa mpangilio ule ule, ndipo pochi itafunguka. Niliuliza kama mtu anaweza kupewa mengine asipoyapenda.

"Hapana, mama," akasema Enesi. "Hayachaguliwi na mimi wala na ofisi. Mfupa wako ndio unaoyatoa. Ukija mwakani utakupa yale yale, ukija na uzee wako utakupa yale yale."

Kisha alinipa makatazo, akikunja kidole kimoja kimoja. Nisiyaandike popote, hata mchangani. Nisiyatamke mbele ya kioo, maana vioo vya siku hizi vinasoma midomo. Nisimfundishe mtoto ili anikumbushe. Akitokea mtu mwenye sauti ya Enesi, mwenye uso wa Enesi, akaniomba neno hata moja, nijue huyo si Enesi. Na nikiyasahau, hakuna ofisi ya kwenda kulilia. Nilimwambia nimesoma hadi darasa la saba tu lakini kukariri si shida, najua tenzi za kanisani kutoka mwanzo wa kitabu hadi mwisho wake. Akacheka, akanifungulia mlango.

Pochi za namna ile zimekwisha siku hizi, kwa hiyo hakuna ubaya nikiyataja. Punje ilininong'oneza: kamba, jivu, chumvi, alfajiri.

Chumvi ndilo jina la baba mkwe wangu.

Alizaliwa mwaka ambao mafuriko yalibeba daraja, na mgongo mzima wa mlima ukala mboga chapwa msimu mzima. Gunia la kwanza lilivushwa kwa kamba siku mama yake alipojifungua, basi wakamwita hivyo, na mchungaji akambatiza hivyo. Kwetu mkamwana hataji jina la baba wa mume wake. Hataji hata kitu kinachoitwa jina hilo. Haketi akitazamana naye, na wakikutana njiani yeye mwanamke ndiye anayeingia kwenye majani. Nilipoolewa, mama mkwe alinikalisha jikoni akanionyesha mtungi. "Humu mna kikolezo," akaniambia, nami nikaahidi. Kuanzia hapo katika kaya yetu hakuna mwanamke aliyetia kitu kingine mbogani. Hata mwenye duka alitujua. Tukimwagiza kikolezo, alipima na kufunga bila kuuliza.

Mchungaji wetu alikuwa akisema desturi ile si dhambi kuiacha wala si sifa kuishika. Sawa. Mimi sikuishika kwa kuogopa laana. Niliishika kwa sababu niliahidi, na kwa sababu mzee yule hakuwahi hata siku moja kunifanya nijute.

Nilisimama katikati ya sponji nikasema kamba, nikasema jivu. Kisha nikasema kikolezo. Sikudhamiria, mdomo ulikwenda wenyewe njia uliyoizoea. Punje ikanijibu kwamba neno la tatu halijasikika, nirudie.

Nilirudia. Kamba. Jivu. Nikaweka ulimi mahali pa kuanzia, nikasukuma pumzi, ikatoka pumzi tupu. Nilijiambia hakuna anayesikia. Mlango ni mnene, kuta zinameza sauti, mzee yuko nyumbani anaota jua. Lakini maisha yangu yote nimepiga magoti katika vyumba vilivyofungwa nikiamini kwamba nasikika. Sikuweza kuanza siku ile kuamini kwamba chumba kilichofungwa ni kitupu, eti kwa sababu safari hii ingenifaa.

Punje ikaniambia imebaki mara moja tu. Nikishindwa tena italala mpaka msimu ujao wa mvua.

Nilitoka. Taa ya juu ya mlango ilikuwa nyekundu na wanawake waliokuwa kwenye foleni walikuwa wanaitazama. Enesi alinivuta pembeni. Akaanza kuniuliza ni neno gani linalonishinda, halafu akajiziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

"Usiniambie," akasema. "Hata nikikubembeleza."

Nikamuuliza kwa sauti ya chini ingekuwaje kama mtu mwingine angelijua neno moja tu, basi, moja. Akatikisa kichwa. Sauti yangu si kinga, akasema, sauti siku hizi zinaigizwa kama nguo za mtumba. Kinga ni maneno, na likijulikana moja tu, mashine za wezi zinayasaga yaliyobaki kama mahindi. Ningekuta pochi tupu, na hakuna ambaye angejua imekwenda wapi.

Gwakisa alikuwa pale kwenye mizani, buibui wake anamwaga majani. Aliiona taa. Akaja polepole akijifuta mikono.

"Mdomo umegoma, shemeji?" akasema, kwa sauti ya kutosha foleni nzima. "Ajabu. Maneno ya humo ni ya kawaida tu. Mimi nalijua neno moja tu la kawaida ambalo wanawake wa kwetu hawalisemi."

Baadhi ya watu walicheka, wengine hawakuelewa wakacheka pia. Ningeweza kusema nina mafua, lakini sikuwa na mafua. Nikasema, "Nimechoka. Nitarudi." Hiyo ilikuwa kweli.

Alikuwa anabahatisha. Niliona machoni kwamba hana hakika. Nami njiani nikapiga hesabu ya jambo lile na kuona jinsi lilivyonibana pande zote. Iko njia ya kumfungulia mkamwana mdomo. Unapeleka kuku, mzee anamla mbele ya watu uani, anatamka kwamba kuanzia leo huyu yuko huru kunitaja. Hufanywa kwa wanawake wazee wanaouguza wakwe zao. Kama ningepeleka kuku wiki ile, nisingekuwa na haja ya kumwambia Gwakisa neno langu la tatu. Kuku angemwambia.

*

Siku zilizofuata sikukaa mahali pamoja. Nikianza kupalilia naacha, nikikaa kumenya ndizi nainuka. Kila mara mkono ulikwenda kifuani kusikiliza. Mapigo yalikuwa yameanza kuachana, kama mtu anayepanda mlima na kusimama kupumua. Usingizini niliota yamekatika, nikaamka na kuibana punje kwapani kama kipimajoto.

Ndimbumi, mke wa Gwakisa, alinikuta jikoni nikikoroga sufuria isiyokuwa na kitu. Alileta mkungu wa ndizi, akakaa, akaanza maneno yake. Ni mwanamke wa kuchekesha, na sisi wawili tulikuwa tumepika pamoja katika misiba na harusi zote za kaya ile. Akaniambia wala nisihangaike. Yeye alilitaja jina la mzee zamani, siku moja mtoni, kwa hasira tu za kutumwa kuni wakati ana mimba.

"Nikakaa juu ya jiwe nasubiri radi," akasema. "Dada yangu, hata wingu halikuja. Nikaona aibu, nikachota maji nikarudi."

Nilicheka, naye akacheka, na katikati ya kicheko nikamwona ananitazama mdomo. Labda alikuwa ananitazama tu. Sikujua kama amekuja kwa huruma yake au ametumwa. Nikamjibu kwamba kila mtu na ahadi zake, nikamuuliza habari za meno ya mtoto wake. Alipoondoka niliona uchungu. Miaka yote sikuwa na pochi na sikuwa nimempima Ndimbumi hata siku moja. Sasa nilikuwa nayo nusu, hata haijafunguka, na tayari nilikuwa nimeanza kupima macho ya watu.

Niliomba. Sikuomba nipewe njia ya mkato. Niliomba nionyeshwe lipi ni kubwa: ahadi niliyompa mama mkwe aliyekwisha kufa, au jasho la mume wangu ambalo lingekwenda kuwa miguu ya buibui. Sikupata jibu. Nikasikia tk, halafu nikangoja, nikangoja, ndipo ikaja tk nyingine.

*

Kila asubuhi mimi ndiye niliyempelekea mzee uji. Hatukuzungumza naye moja kwa moja, maana haifai. Niliweka bakuli kizingitini, nikageuka kutazama migomba, na yeye akiwa ndani alizungumza na mlango. Mlango ndio uliokuwa katikati yetu. Alikuwa amenizoeza hivyo tangu nilipokuwa mwali, na wakati mwingine aliusingizia mlango mambo ya kuchekesha.

Jumamosi ile alisema, "Wewe mlango, muulize mama huyo, kwa nini anazunguka uani kabla jogoo hajawika? Amepoteza sindano?"

"Mlango," nikasema, "mwambie baba kwamba nilikwenda kufungua pochi haikufunguka."

"Muulize, mashine ni mbovu?"

"Mashine ni nzima, baba."

"Amesahau alichoambiwa?"

"Hajasahau."

Kijiko kilisimama. Nilitazama migomba kwa bidii. Nikaanza kurudia kichwani kila neno nililosema, kuona kama limemwaga kitu. Mashine nzima, kumbukumbu nzima. Imebaki nini cha kuharibika kwa mtu isipokuwa mdomo? Nilitamani kurudisha majibu yangu. Huyu ndiye mtu mmoja ambaye sikupenda ajue, na ndiye mmoja aliyelijua neno lile kuliko watu wote, kwa kuwa ameitwa hilo maisha yake yote.

Hakuniuliza zaidi. Baada ya kitambo akauambia mlango uulize kama punje ya mwanawe bado inapiga.

Niliivua shingoni. Sikugeuka. Niliupeleka mkono nyuma, kitambaa kikiwa kwenye kiganja, nikasikia vidole vyake vikavu vinakichukua. Nilijua ameiweka sikioni. Alikuwa kiziwi wa upande mmoja, na punje ilikuwa imefifia, kwa hiyo lazima aliikandamiza sana. Nilisubiri hadi shingo ikaniuma. Ilipoingia tena mkononi mwangu ilikuwa na joto kuliko nilivyoitoa.

"Mlango," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "mwambie mama aende akawaite wote. Wanaume na wanawake. Waje sasa hivi kabla hawajaenda shambani."

*

Walikuja wakinung'unika, wengine na majembe. Wanaume walikaa mbele yake. Sisi wanawake, wake wa wanawe na wa wajukuu, tulikaa upande wa jikoni tukimpa mgongo. Gwakisa alikuwa amesimama, akitazama nani amebeba kuku. Hapakuwa na kuku.

Mzee hakuzungusha maneno. Alisema amemzika mwanawe wa kwanza, na kwa umri wake ilipaswa iwe kinyume. Alisema mtoto wake amekwenda na jina zuri ambalo halitaitwa tena uani hapa, wakati yeye aliyechakaa amebaki na jina la kitu cha jikoni. Jambo hilo limemchosha.

"Kesho jua likichomoza jina langu litakuwa la mwanangu," akasema, akalitaja. "Nitakwenda nalo kanisani, mchungaji atanijua kwa hilo, na mtanizika nalo. Lile la zamani nimelitupa leo, asubuhi hii."

"Na leo tukuiteje, baba?" mmoja wa wajukuu akauliza.

"Leo sina jina. Mtu akiniita leo siitiki."

Vijana walicheka, halafu wakaona hacheki. Gwakisa aliuliza, kwa adabu, kwa nini jambo kubwa namna hii lifanyike leo na si baada ya mavuno.

"Kwa sababu kesho ni Jumapili," mzee akasema. "Au wewe unataka nibatizwe siku ya mnada?"

"Na hawa wanawake, baba?"

"Wanawake wote wa kaya hii, lile la zamani ni lao. Mimi silihitaji. Walitie mbogani."

Kisha Ndimbumi akalitamka, polepole, kama anayeonja mchuzi. "Chumvi." Mwenzake aliye karibu naye akajaribu, akashika mdomo, akajaribu tena. Halafu tukawa wote, wanawake wazima, tunasema chumvi, chumvi, chumvi, kama vifaranga, na vicheko vinatutoka mpaka mmoja akadondoka kwenye mkeka. Nami nilikuwamo. Nilisema chumvi pamoja nao, na mdomo haukuungua. Gwakisa alituzunguka mbele akatutazama midomo mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa midomo mingi, yote inasema neno moja.

Nilipofuta machozi ya kicheko ndipo nusu ya pili ya jambo lile iliponifikia.

Kesho jua likichomoza, jina la mume wangu litakuwa jina la baba mkwe. Sitalitaja tena. Sitalitaja kaburini, wala nikimsimulia mtu habari zake, wala nikipiga magoti kumshukuru Mungu kwa ajili yake. Wengine wote wa kaya watakuwa wakiliita kutwa nzima, likimhusu mtu mwingine, nami nitakuwa nikisikia.

Sijui kama mzee aliliwaza hilo tangu mwanzo. Nadhani aliliwaza. Watu walipokuwa wanatawanyika, alisema bila kumtazama mtu, wala mlango haukuwapo wa kusingizia, "Mwambieni mama mwenye punje, siku ya leo ni ndefu. Majina mawili yanaingia."

*

Nilishuka kituoni bila kula. Njia ile huwa naijua kwa miguu, siku ile nilijikwaa kila mahali. Punje ilikuwa inapiga mara moja, halafu natembea shamba zima la chai ndipo inapiga tena. Enesi aliniona tangu mbali. Aliwatoa watu foleni akanifungulia.

Kamba. Jivu. Chumvi. Alfajiri.

Nyuma ya sikio kukawa na mtetemo mdogo, kama paka anayelala. Pochi ikanisalimu kwa jina langu, Tulinagwe. Kisha ikaniambia niiguse punje ya marehemu kwenye punje yangu, nami nikaifungua kitambaani nikaigusisha. Ikauliza: unapokea kutoka kwa nani? Taja jina lake.

Nikalitaja.

Enesi alinieleza baadaye kwamba kumimina kunachukua muda wa mtu kufunga kiatu. Mimi sikujua imekwisha saa ngapi. Punje iliniambia imepokea, asante, nami nikalitaja tena. Nilikuwa nimemwita mtu yule kwa miaka yote kwa sauti za aina nyingi: ya kumwamsha, ya kumgombeza kwa viatu vyenye tope, ya kumwita chakula kimeiva, ya hofu siku alipoanguka kwenye korongo. Mule ndani ya sponji nilizijaribu zote. Mkononi punje yake iliendelea kupiga, tupu, kwa mazoea tu. Ilipiga mara moja. Nikamwita. Ikapiga tena, kwa udhaifu sana, halafu haikupiga.

Enesi aligonga. Taa ni ya kijani, mama, akasema, na watu wanasubiri. Nikatoka. Akanishika bega akanikumbusha makatazo yake, akikunja vidole kama mara ya kwanza, nami nikamwambia ndaga, mwanangu, asante, nimeyashika.

Gwakisa alikuwa kwenye mizani. Aliitazama taa, akanitazama, akakunja midomo. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kofia. "Hongera, shemeji," akasema, akarudi kwa buibui wake. Sijui hadi leo kama alielewa alichofanya baba yake, au aliona tu kwamba ameshindwa na hajui ameshindiwa wapi.

Nilipanda mlima polepole nikilitaja jina. Nililisemea migomba na mfereji wa juu ambao maji yake sasa yalikuwa yangu. Usiku nilikaa kizingitini mwa nyumba yetu, kanga mbili mabegani, nikaendelea bila haraka, wakati mwingine kwa kunong'ona, wakati mwingine kwa sauti kubwa hadi Ndimbumi akatoka kwake, akasikiliza, akarudi ndani.

Jua lilipogusa kilele cha Mlima Rungwe nilikuwa katikati ya jina. Nusu iliyobaki niliimeza.